Daktari Aliyepanda Ngazi

Nyoka akishaingia chumbani, fimbo iliyoegemezwa ukutani kwa jirani haina faida hata kama ni ndefu kama mlingoti na ngumu kama chuma. Jirani anaweza kusimama dirishani kwake akaelekeza kwa sauti kubwa: mpige kichwani, sogea kulia, usimwache apite. Maelekezo yatakuwa sahihi kabisa, na nyoka ataendelea kutambaa. Ndiyo maana waliotutangulia wakatuachia neno fupi kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Kisa hiki ni cha mzee mmoja aliyekuwa na fimbo bora kuliko watu wote wa mtaa wake, fimbo aliyoizaa na kuisomesha mwenyewe, na bado nyoka nusura ammalize.

Mzee huyo waliokuwa wakimfahamu walimwita Mjalidi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu, kwani kwa miaka thelathini na minane alifanya kazi ya kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji. Alishona kurasa kwa uzi, akapaka gundi mgongoni, akabana majalada kwenye jiliwa, kibanio cha chuma, mpaka yakakauka. Hata baada ya kustaafu, vidole vyake vilikuwa na mikunjo migumu pale uzi ulipokuwa ukipita, na akikaa kimya vilitembea vyenyewe juu ya paja kana kwamba vinanyoosha karatasi.

Aliishi ghorofa ya tatu, katika vyumba viwili vilivyotazama uani. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na tangu siku ile nyumba ilinyamaza kama maji mtungini. Mjalidi aliweza kumaliza siku tatu bila kutamka neno, hadi ikambidi akohoe makusudi asikie kama sauti yake bado ipo. Alipika kidogo na kula amesimama kando ya jiko, kwa kuwa kuketi mezani kulimlazimu atazamane na kiti cha pili. Redio aliiacha wazi kutwa, si kwa ajili ya habari, bali ili kuwe na mtu mwingine anayeongea ndani.

Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, naye huyo alikuwa daktari bingwa wa moyo katika jiji lililo mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mtaani walimwita Bingwa, nao walilitamka jina hilo kwa heshima hata watoto waliokuwa hawajazaliwa alipoondoka. Kila Jumapili saa kumi alasiri, bila kukosa, Bingwa alipiga simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Sukari ilisoma ngapi wiki hii? Presha je? Usingizi? Chumvi umepunguza?"

Mjalidi alijibu moja baada ya jingine kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, Bingwa akashauri, kisha nyuma yake ikasikika sauti ya muuguzi ikimwita. "Baba, mwezi ujao nakuja," angesema kabla ya kukata. Lakini mwezi ujao ulikuwa na ndugu wengi, kila mmoja ukisema mwenzangu ndiye atakayekuja. Miaka miwili na nusu ilipita hivyo. Wala Bingwa hakuwa mtoto mbaya. Dawa alimwandikia mwenyewe, mashine ya kupimia presha nyumbani alimtumia mwenyewe, na wagonjwa wake walikuwa wakimsubiri kwa mamia.

Jambo ambalo Bingwa hakulijua ni kwamba baba yake alikuwa haoni.

Halikuanza kwa kishindo. Ulianza ukungu mwembamba, kama mtu aliyepumulia kioo, na Mjalidi akalaumu balbu. Akabadilisha balbu. Kisha akalaumu miwani. Mwaka uliofuata herufi zikaanza kuyeyuka, kwanza zile ndogo, halafu hata vichwa vya habari vya magazeti, na sura za watu zikawa mabaka ya rangi yenye sauti. Alijifunza kuhesabu ngazi: kumi na moja, kona, kumi na moja, kona. Aliwatambua majirani kwa viatu vyao. Siku moja alilisalimia kwa adabu koti lililotundikwa mlangoni mwa duka la dobi, akasubiri liitikie, na alipogundua alicheka peke yake mpaka nyumbani. Alipofunga mlango kicheko kikamgeuka.

Hakumwambia mtu. Mtu aliyekula mkate wa vitabu miaka thelathini na minane atamwambia nani kwamba hazioni tena herufi? Tena aliogopa. Alijua mwanawe akisikia atasema, "Basi, Baba, funga nyumba uje huku," naye angepelekwa kwenye nyumba asiyojua ngazi zake ni ngapi, akae kutwa akisubiri watu warudi kutoka kazini. Hapa angalau alijua kila kona. Hapa ndipo mkewe alipofia, na upande wake wa kitanda bado ulikuwa na bonde dogo.

Kwa hiyo kila Jumapili, ile mashine ya presha ambayo tarakimu zake hakuziona aliisomea mwenyewe kutoka kichwani. "Mia na thelathini kwa themanini," alisema, maana ndivyo ilivyosoma zamani alipokuwa akiona.

"Safi sana, Baba," Bingwa akajibu.

Dawa zake zilikuwa za aina mbili. Za presha alitakiwa kumeza kidonge kimoja asubuhi, na za sukari kimoja asubuhi na kimoja jioni. Aliziweka kwenye droo mbili za meza, sukari kushoto na presha kulia, na hakuhitaji macho kwa sababu za sukari zilikuwa ndefu kama punje kubwa na za presha zilikuwa duara. Mambo yakaenda vizuri mpaka siku duka la dawa lilipoleta mzigo wa kiwanda kingine. Muuzaji alimtilia pakiti zote kwenye mfuko mmoja.

"Maelezo yote yameandikwa juu, mzee."

"Nimeona," Mjalidi akasema.

Nyumbani alizitoa mezani, akazipapasa. Zote zilikuwa duara, zote ndogo, na maboksi yalilingana kama mapacha. Alikaa nazo kitambo kirefu. Angeweza kushuka chini akamwomba mama mshonaji, jirani yake mwenye cherehani karibu na lango kuu, amsomee neno moja tu. Neno moja! Lakini neno hilo lingepanda ngazi zote za jengo kabla yeye hajafika mlangoni kwake. Akayapima maboksi kwa viganja, akaona kama moja ni zito kidogo, akasema hili litakuwa la sukari. Akaliweka kushoto. Jingine akaliweka kulia.

Haikupita wiki mbili akaanza kuona dunia inainama. Akiinuka kitini, sakafu ilimfuata. Kila wiki alikwenda zahanati kutobolewa kidole kama Bingwa alivyoagiza, na muuguzi akamwambia sukari imepanda. Jumapili akamweleza mwanawe yote mawili, sukari na kizunguzungu.

"Hicho kizunguzungu ni sukari hiyo hiyo, Baba. Tuongeze dawa. Za sukari sasa meza viwili asubuhi na viwili jioni. Za presha zibaki kimoja, maana presha yako iko sawa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

Akatii kama askari. Viwili asubuhi na viwili jioni kutoka droo ya kushoto.

Siku ya nne baada ya hapo alianguka ngazini. Alikuwa amehesabu tisa, akasikia sikio linavuma, na ngazi ya kumi hakuikuta. Mama mshonaji aliacha cherehani ikizunguka akamkimbilia.

"Mzee! Umeumia? Nimpigie Bingwa?"

"Bingwa yuko na watu wa kufa na kupona," Mjalidi alisema akijipangusa magoti. "Mimi nimeteleza tu."

"Basi nenda zahanati. Leo hii. Usipokwenda nitakubeba mgongoni, na mimi sioni haya."

Akaenda, akitembea na ukuta.

Zahanati ile ilikuwa na vyumba viwili vya madaktari na benchi moja refu la kusubiria, ambapo wagonjwa hawana kazi nyingine ila kuwajadili walio ndani. Chumba cha kwanza alikuwamo Daktari Haraka. "Yule," alisema mwanamume mmoja mwenye kikohozi, "ukikohoa mlangoni umeshatibiwa. Ukifika kitini cheti kinakusubiri." Watu wakacheka. Chumba cha pili alikuwamo daktari mgeni, mwanamke, ambaye hakuwa amemaliza hata miezi miwili hapo, lakini alikwisha kupewa jina: Daktari Kiti. Mgonjwa akiingia, huyu hunyanyua kiti chake kutoka nyuma ya meza, akazunguka nacho, akakiweka karibu na mgonjwa, ndipo akaketi.

"Kuhamisha viti ndiyo tiba?" mwenye kikohozi akauliza. "Daktari ni elimu, bwana."

"Mimi nataka dawa kali," akasema mwingine. "Isipokuunguza tumbo hiyo ni maji."

Mjalidi alijiweka sawa kwenye benchi. "Mwanangu ni daktari bingwa wa moyo," akasema.

Benchi zima likamgeukia. "Bingwa? Na wewe unapanga foleni na sisi?"

Bahati yake, zamu yake ikafika, na ilikuwa chumba cha pili.

Alisikia miguu ya kiti ikiburutwa kidogo, kisha sauti ikatokea karibu naye, si juu ya kichwa chake kama alivyozoea. "Shikamoo, Baba. Nieleze. Tuna muda."

Maneno hayo mawili ya mwisho yalimchanganya. Alikuwa amejiandaa kusema "kizunguzungu" na kunyoosha kidole kitobolewe. Badala yake akajikuta anaeleza habari ya ngazi ya kumi, na sakafu inayomfuata, na vidonge vya sukari alivyoongezewa, na jinsi asubuhi anavyokaa ukingoni mwa kitanda akingoja chumba kitulie. Daktari hakumkatiza. Alimpima sukari, ikawa juu. Akampima presha amelala, akapima tena. Akamsimamisha na kupima mara ya tatu, akamshika mkono haraka kwa sababu mzee alianza kuyumba.

"Baba, nyumbani presha inasoma ngapi?"

"Mia na thelathini kwa themanini."

"Ulipima lini?"

"Jumapili."

"Leo hapa ni tisini kwa hamsini, tena ukisimama inashuka zaidi. Na sukari inapanda ilhali dawa zimeongezwa." "Kuna kitu hapa hakikubaliani na kingine. Hebu nisomee hiki cheti, umeandikiwa dawa gani?"

"Miwani nimeisahau."

Mjalidi hakujua kwamba muda wote alikuwa akiliongelesha sikio la kushoto la daktari badala ya uso wake, wala hakujua kwamba cheti alichonyooshewa alikuwa hajakipokea, kwa sababu hakukiona kikija.

"Kwa leo usimeze tena kidonge chochote mpaka tuonane," daktari akasema taratibu. "Na tutaonana leo leo. Nikimaliza hapa saa kumi nitapita kwako nizione hizo dawa."

"Kwangu ni ghorofa ya tatu, daktari."

"Ngazi zinapandwa, Baba."

Mama mshonaji, ambaye hakuweza kukaa na cherehani yake kwa wasiwasi, alikuja kumchukua, akamfikisha hadi mlangoni. Mjalidi alipobaki peke yake alianza kufagia. Ni lini mara ya mwisho mgeni aliketi katika nyumba hii? Alipojaribu kukumbuka alifika kwenye msiba, akaacha. Alipangusa kiti cha pili, kisha akakipangusa tena. Akavaa shati jeupe la vifungo vingi, akavifunga kwa vidole, akavihesabu. Akazima redio ili asikie hatua.

Saa kumi ikalia kutoka kwenye redio ya jirani. Hakuna aliyekuja. Akasikia viatu ngazini vikaishia ghorofa ya pili. Akasikia mlango, ndoo, mtoto akiitwa kuoga. Saa kumi na moja ikapita. Mjalidi alikaa na mikono juu ya magoti, akaanza kuona aibu mbele ya viti. Watu husema, akajiambia. Mtu akisema atapita, ni njia ya kukuaga vizuri. Nani aache shughuli zake apande ngazi thelathini na tatu kwa ajili ya mzee asiye wake? Hata aliye wake… Wazo hilo hakulimalizia. Akaanza kufungua vifungo vya shati kimoja kimoja.

Alikuwa amefika cha nne hodi ilipopigwa.

"Nisamehe, Baba," Daktari Kiti alisema akihema. "Kuna mama alijifungua benchini. Kabisa, kwenye lile benchi. Na ngazi zako hizi zinataka mtu aliyekula."

Mjalidi alicheka, naye akashangaa sauti ya kicheko chake ndani ya chumba kile. Akamkaribisha kwa kukigusa kiti. Daktari akaketi, akapumzika, akamwuliza kuhusu kitabu kikubwa kilichokuwa mezani, na Mjalidi akamweleza jinsi ngozi inavyolainishwa kabla ya kuvutwa kwenye jalada, na kwa nini uzi wa kitani haukati karatasi. Dakika kadhaa zilipita hivyo, wala hakuna aliyezijutia.

"Sasa nionyeshe," daktari akasema. "Jifanye ni asubuhi. Umeamka, unataka kumeza dawa. Fanya kama kila siku."

Mkono wa Mjalidi ulikwenda moja kwa moja kwenye droo ya kushoto. Akatoa boksi, akachomoa pakiti, akabonyeza vidonge viwili kiganjani. Macho yake yalikuwa dirishani.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya sukari."

"Na kule kulia?"

"Presha."

Daktari alichukua maboksi yote mawili, akayageuza. Uani kuku mmoja alikuwa akilalamika.

"Nani alikusomea, Baba?"

Mjalidi aliipapasa droo, akaifunga.

"Baba. Tangu lini huoni?"

Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Alikuwa ametayarisha majibu ya maswali mengine yote. Kwa hili hakuwa na jibu mfukoni, na mabega yakaanza kutikisika. Daktari hakumwambia anyamaze. Alivichukua vile vidonge viwili kutoka kiganjani mwake, akakishika kiganja.

"Mwaka uliofuata baada ya mke wangu kufariki," Mjalidi alisema alipoweza. "Mimi ni mjalidi, daktari. Nimeshona vitabu vya watu wengine kusoma. Nitamwambia nani?"

"Umeniambia mimi. Sasa nisikilize vizuri. Umekuwa ukizibadilisha. Vidonge vinne ulivyokuwa unameza kila siku ni vya presha. Cha sukari umekuwa ukimeza kimoja tu. Siku nyingine mbili tatu za namna hii, hizo ngazi usingezishuka kwa miguu yako."

Mjalidi akasema jambo la ajabu. "Usimwambie mwanangu."

"Sitamwambia. Utamwambia wewe. Mimi nitakaa hapa hapa, wala siendi popote."

Ilimchukua muda. Mwishowe akabonyeza kitufe alichokizoea. Simu iliita mara nyingi kabla haijapokelewa.

"Baba? Leo si Jumapili. Kuna nini?"

"Hakuna… Kuna jambo, mwanangu." Kiti cha pili kilisogea karibu zaidi. "Mimi sioni. Siioni mashine uliyonitumia. Zile namba nilikuwa nakutungia."

Mjalidi akaendelea, sasa haraka, akaeleza maboksi na droo na ngazi ya kumi, mpaka maneno yakaisha. Bingwa alipopata sauti ilikuwa kali.

"Uko na nani hapo? Mpe simu."

Daktari Kiti akaipokea. Mjalidi aliweza kusikia sauti ya mwanawe ikichomoza kutoka kwenye simu kama sindano: zahanati gani, nani alitoa dawa, vipi mgonjwa wa umri ule asipimwe presha wiki nzima, anajua anaongea na nani?

"Najua, daktari," yule mwanamke alisema kwa upole. "Cheti kiliandikwa sawa. Kwa namba ulizopewa, hata mimi ningeongeza dawa. Nasi hapa tulikosea: tulitoboa kidole tu, hatukumtazama mwenye kidole. Lakini kosa hili halikuwa kwenye karatasi, ndiyo maana sote tuliokuwa tukisoma karatasi hatukuliona."

"Mimi humpigia kila Jumapili. Kila Jumapili! Sijawahi kukosa."

"Amenieleza. Anajivunia sana."

Baada ya hapo Mjalidi hakusikia ukali tena. Alisikia pumzi tu, kisha sauti ndogo iliyofanana na ya mtoto aliyewahi kulala kwenye chumba cha pili akiogopa giza. "Yukoje sasa? Nieleze yukoje."

"Amekaa. Ana shati jeupe. Anatetemeka kidogo," daktari akasema. "Mengine njoo uyaone."

Bingwa alifika keshokutwa yake jioni, na vumbi la safari begani. Alimwamkia baba yake, akapiga magoti mbele ya kiti, akamulika macho yake kwa kurunzi ndogo, jicho hili na jicho lile. Hakuhitaji kumulika mara mbili. Ugonjwa huo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeutambua akiwa umbali wa hatua moja. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, weupe umetanda kama maziwa.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Uliuliza sukari, ukauliza presha, ukauliza chumvi."

"Na yeye alikuuliza?"

"Aliniuliza hapa," Mjalidi akasema, akigonga meza kwa kidole. "Hapa ndani."

Usiku huo Bingwa alilala kwenye kitanda chake cha zamani, miguu ikipita nje, na asubuhi Mjalidi alimsikia akihesabu ngazi kwa sauti ya chini, akishuka na kupanda, akishuka na kupanda.

Dawa zilipowekwa mahali pake, presha ilirudi na sukari ikashuka, na baada ya wiki tatu madaktari wa macho wakakubali kumpasua jicho la kulia. Bingwa aliomba ruhusa kazini, akakaa. Siku bandeji ilipofunguliwa Daktari Kiti naye alikuwapo, kwa kuwa mzee alimwomba. Muuguzi alitoa pamba polepole. Kwanza ulikuja mwanga mtupu. Halafu dirisha. Halafu mwanamke mfupi, mnene, mwenye mwanya, ambaye Mjalidi alimfikiria siku zote kuwa mrefu na mwembamba. Kisha akamgeukia mwanawe.

Alimtazama kwa muda mrefu mno, hata Bingwa akaingiwa na hofu. "Baba, unaniona?"

Mjalidi aliinua mkono, akaugusa upande wa kichwa cha mwanawe, juu ya sikio. Palikuwa peupe kama pamba. Chini ya macho palikuwa na mifuko, na mashavu yaliyokuwa yamejaa yalikuwa yamebonyea kama ya mtu asiyelala na asiye na wa kumwuliza kama amekula.

"Umezeeka lini, mwanangu?" akauliza. "Kila Jumapili nilikuuliza hujambo, ukasema sijambo."

Bingwa akainamisha kichwa chake chenye mvi juu ya goti la baba yake, mbele ya muuguzi na mbele ya daktari wa zahanati, akalia kama alivyokuwa hajalia tangu msiba wa mama yake, alipokaa siku mbili tu na kuwahi basi. Vidole vya mjalidi vikaanza kutembea juu ya nywele zile, taratibu, kama vinavyonyoosha karatasi iliyokunjamana.

Baadaye Bingwa alirudi kazini, maana wagonjwa wa moyo nao ni watoto na wazazi wa watu, na nyumba ya ghorofa ya tatu ikawa kimya tena siku nyingi za wiki. Upweke hauna upasuaji wa nusu saa. Lakini mwezi ujao sasa ulikuwa ukifika kweli, na mwenyewe akifika nao, kwa basi, na mfuko begani. Aliyewahi kumsikia akiwafundisha madaktari vijana anasema huwaambia kwamba elimu aliyokuwa nayo ilitosha kumponya baba yake mara kumi, na ilibaki kidogo imuue, kwa sababu aliituma badala ya kwenda nayo. Mgonjwa huthamini dawa, na huthamini elimu, lakini zaidi ya vyote humthamini yule atakayesogea mpaka amwone, kwa kuwa hakuna ujuzi mrefu kiasi cha kufika pale ambapo mwenyewe hayupo: fimbo ya mbali haiui nyoka.